Mdundo Mmoja, Sauti Mia: Ni Nani Mwenye Ngoma?

Panda matatu ya kutoka Mombasa kwenda Malindi siku yoyote, hasa ile yenye spika kubwa nyuma ya viti, nawe utakutana na kisa hiki. Kabla gari halijafika Mtwapa, mwimbaji wa kwanza ameshamaliza yake juu ya mapenzi. Mkikaribia daraja la Kilifi, mwingine ameingia kwa sauti ya mikwaruzo akiwasuta wakubwa. Mkipita Gede, wa tatu, mwanamke, anawajibu wote wawili. Maneno ni mbalimbali na sauti ni mbalimbali, lakini besi ni ile ile na ngoma ni ile ile, tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Hapo ndipo ubishi huanza. Mzee aliyeketi karibu na dirisha hunung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana jipya, wanaibiana tu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu naye humgeukia: "La, babu, huo si wizi. Hiyo ni ridimu moja."

Je, msomaji, ni nani mkweli kati ya hao wawili? Swali hili si la mzaha wa garini tu. Ni swali lililozifikisha kampuni kubwa za muziki mahakamani huko Marekani, na hapa kwetu Pwani linawagusa watu waliotunga nyimbo ambazo dunia nzima inazijua bila kuwajua wenyewe. Tuanze mbali, kisha turudi nyumbani.

Ridimu ni kitu gani?

Neno lenyewe ni la Wajamaika. Maana yake ni muziki usio na sauti ya mwimbaji: besi, ngoma, kinanda na vikorombwezo vingine. Katika Jamaika, mtayarishaji huipika ridimu moja, akaipa jina lake, kisha akawaita waimbaji studioni mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja huivisha maneno yake na sauti yake. Wiki chache baadaye nyimbo kumi au ishirini ziko sokoni, zote zimejengwa juu ya msingi mmoja. Msikilizaji wa Kingston haulizi kwa nini zinafanana. Anachotaka kujua ni nani aliyeipanda ridimu ile vizuri kuliko wenzake.

Mtindo huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wenye santuri waligundua kwamba wakiweka wimbo upande mmoja, na upande wa pili wakaweka muziki ule ule ulioondolewa sauti, wasemaji wa kumbi za dansi walipata nafasi ya kuchombeza kwa kipaza sauti. Mmoja wa wasemaji hao, U-Roy, aligeuka nyota mwaka 1970 kwa kusema juu ya muziki uliokwisha kupigwa zamani kwa ajili ya waimbaji wengine.

Mfano mzuri ni ridimu iitwayo Real Rock, iliyorekodiwa mwaka 1967 na bendi ya Sound Dimension katika Studio One ya Coxsone Dodd. Miaka kumi hivi baadaye Willie Williams aliichukua ridimu hiyo hiyo akaimba Armagideon Time, na mwaka 1979 kundi la The Clash la Uingereza likauimba wimbo huo upya. Hadi leo Real Rock haijazeeka.

Kinanda kidogo kilichogeuza mambo

Lakini ridimu iliyoleta mapinduzi katika muziki wa kumbi za dansi, ule ambao vijana wetu huuita dansiholi, ni Sleng Teng. Kisa chake ni cha kustaajabisha.

Katika mtaa wa Waterhouse, Kingston, kijana mmoja aitwaye Noel Davey alikuwa na kinanda kidogo cha umeme aina ya Casio MT-40. Kilikuwa chombo cha kujifunzia, cha kuwekwa sebuleni. Ndani yake kulikuwa na midundo iliyokwisha kupangwa kiwandani: unabonyeza kitufe, kinanda kinajipigia chenyewe. Davey na mwenzake, mwimbaji Wayne Smith, wakauangukia mdundo mmoja wa kasi wa roki. Wakaupeleka kwa mtayarishaji Prince Jammy, naye akaupunguza mwendo hadi ukakaa sawasawa na hatua za rege.

Tarehe 23 Februari 1985, Jammy alikabiliana na mashine za muziki za Black Scorpio katika shindano lililofanyika barabara ya Waltham Park. Alipoitoa Sleng Teng, ukumbi ulilipuka. Hapakuwa na gitaa la besi wala mpiga ngoma. Kila kitu kilitoka kwenye kinanda. Baada ya Wayne Smith wakaja Tenor Saw na kibao Pumpkin Belly, Johnny Osbourne na Buddy Bye, na wengine wengi hadi nyimbo za ridimu hiyo zikafika mamia.

Sasa jiulize: mwenye Sleng Teng ni nani? Ni Jammy aliyeitengeneza? Ni Davey mwenye kinanda? Ni Smith aliyeimba wa kwanza? Ama ni yule aliyeuweka mdundo ndani ya kinanda kule Japani? Huyo naye ana jina: Okuda Hiroko, msichana aliyesomea muziki chuoni, akaipenda rege, na akaajiriwa na Casio mwaka 1980. MT-40 iliingia sokoni mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi mashabiki wa rege walicheza kwa kazi ya mikono yake bila kujua kwamba yupo.

Pwani tulikuwa nayo zamani

Mzee wa kwenye matatu asishangae sana. Mambo haya, ukiondoa umeme, yalikuwako Pwani kabla Jamaika haijawa na studio hata moja.

Chukua ngoma za Wamijikenda. Katika mwanzele au gonda, kayamba zikianza kutikiswa na ngoma zikaitikia, kila aliyekulia Ganze, Kaloleni au Magarini anajua yuko wapi. Mdundo hauna jina la mtu. Anayejulikana ni yule anayesimama katikati na kutoa maneno, na wenzake humwitikia. Kesho atasimama mwingine na maneno mengine, na hakuna atakayesema kwamba ameiba.

Historia inatupa mfano mkubwa kuliko wote. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipotaka kuwaamsha Wagiriama wakatae kutolewa vijana wao kufanya kazi za Waingereza, hakubuni ngoma mpya. Aliichukua kifudu, ngoma ya maziko iliyojulikana na kila mtu, akaicheza kutoka kijiji hadi kijiji. Watu wakamfuata kwa sababu miguu yao iliujua mdundo ule. Walipokusanyika, wakasikia maneno ambayo hawakuwa wameyasikia katika kifudu yoyote. Safari hiyo ikaishia katika viapo vya Kaya Fungo na katika upinzani ambao serikali ya kikoloni haikuutarajia. Leo sanamu yake imesimama katika bustani yenye jina lake mjini Malindi.

Kwa Waswahili wa mwambao, mambo ni hayo hayo katika chakacha. Hii ni ngoma ya wanawake, ya harusini. Ngoma hulia, viuno vikajibu, na maneno hubadilika kufuatana na harusi ilivyo: bibi harusi atasifiwa, wifi atarushiwa fumbo, jirani mwenye ulimi mrefu atasikia lake. Mdundo ule ule umebeba mafumbo ya mamia ya kina mama ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo Pwani ilikuwa na kanuni yake: ngoma ni ya wote, maneno ni ya aliyesimama katikati. Kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri kwa muda wote ambao hapakuwa na santuri, wala redio, wala hoteli ya kitalii. Kwa nini? Kwa sababu malipo yalikuwa hapo hapo. Aliyeimba vizuri alitunzwa, akasifiwa, akaitwa tena. Pesa zilipoanza kupatikana mbali na uwanja wa ngoma, kanuni ikaanza kupwaya.

Ndugu wa Kaloleni

Hapo ndipo wanapoingia ndugu wa ukoo wa Harrison, wenye asili ya Kaloleni, katika nchi ya minazi ya Kilifi. Teddy Kalanda Harrison na ndugu zake Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume ndio waliokuwa uti wa mgongo wa bendi ya Them Mushrooms. Bendi ilipewa jina hilo mwaka 1972, na baadaye ikajulikana pia kama Uyoga.

Wasomaji wengi vijana huenda hawajui kwamba Them Mushrooms walianza kama bendi ya rege. Huo ndio muziki waliouhusudu. Lakini waliishi kwa kupiga muziki hotelini Mombasa, mbele ya watalii, na polepole wakaligeukia jungu la nyumbani. Wakaichukua chakacha ya kina mama, wakaipandishia magitaa ya umeme, wakaiacha na mnyumbuko wa rege ndani yake. Mombasa Roots nao walipita njia hiyo katika miaka ya 1980. Ngoma iliyokuwa ya uani ikahamia ukumbini.

Mwaka 1982 wakaachia Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda. Ni wimbo mwepessi wa kuwasalimu wageni na kuwakaribisha, uliojengwa kwa maneno ambayo mtalii anaweza kuyashika akiwa bado amevaa miwani ya jua. Huenda wajuzi wa lugha waliudharau. Soko halikuudharau: kufikia mwaka 1987 nakala zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeuzwa na wimbo ukatuzwa platinamu.

Kisha yakatokea yale yale ya ridimu. Mwaka 1983 kundi la Boney M la Ujerumani, ambalo miaka miwili kabla lilikuwa limeimba Malaika, liliutoa kwa namna yake. Mwaka 1984 Safari Sound Band wakautoa kwa namna yao. Wengine wakaubadilisha jina, wengine wakabadilisha beti. Na hadi leo, katika hoteli za Malindi, Watamu na Diani, vikundi vya jioni huuchomeka jina la hoteli, jina la mji, na hata neno la Kiitaliano ili kumfurahisha mgeni.

Tofauti na Jamaika ni moja, nayo ni kubwa. Kule Kingston, kila anayeipanda Sleng Teng anajua kwamba anaipanda Sleng Teng, na anajua ilitoka kwa Jammy. Hapa kwetu, wengi wanaoimba wimbo wa Teddy Kalanda hudhani ni wimbo wa kale usio na mwenyewe. Mgeni aliyenunua kanda ya Safari Sound Band katika duka la uwanja wa ndege akarudi nayo kwao, angejuaje kwamba aliyeutunga anatoka Kaloleni? Teddy Kalanda aliaga dunia mwaka 2024, na watu wengi walilijua jina lake siku hiyo tu, katika taarifa za msiba.

Haya si ya Them Mushrooms peke yao. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William, umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M na Angelique Kidjo. Fadhili William aliaga dunia mwaka 2001 na mabishano juu ya utunzi na mapato ya wimbo huo yakabaki. Hata msemo wa kila siku, hakuna matata, ulisajiliwa na kampuni ya Disney kuwa alama yake ya biashara kwenye fulana: maombi yalipelekwa mwaka 1994, ilipotoka sinema ya Lion King, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga jambo hilo.

Sheria inasemaje?

Sasa turudi kwa mzee na mwanafunzi wetu. Katika Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba Jambo Bwana haitakuwa mali ya umma hadi mwaka 2074 upite. Kuuimba kwa kibiashara si sawa na kuokota embe lililoanguka njiani. Mti una mwenyewe, na warithi wake wapo.

Lakini sheria hiyo hailindi wazo lililo kichwani. Inalinda kazi iliyoandikwa au kurekodiwa, yenye mtunzi anayejulikana. Ndiyo maana Jambo Bwana inalindwa, ilhali chakacha yenyewe, iliyotungwa na kina mama wasiohesabika, haiingii katika kapu hilo. Kusema kweli, ukimtetea Teddy Kalanda huna budi kuuliza pia swali gumu: na wale wanawake wa harusini, ambao mdundo wao uliwalisha Them Mushrooms, Mombasa Roots na wengine, walipata nini?

Swali la mdundo ndilo lililofikishwa mahakamani Marekani. Mwaka 1989 Wajamaika wawili, Steely na Clevie, walirekodi ridimu iitwayo Fish Market. Kutokana nayo kukazaliwa ridimu ya Dem Bow aliyoiimba Shabba Ranks, na kutokana na hiyo mtindo mzima wa regetoni wa Amerika ya Kilatini ukapata mapigo yake. Mwaka 2021 Clevie, pamoja na warithi wa Steely aliyefariki mwaka 2009, walifungua kesi California dhidi ya wanamuziki wengi mashuhuri, wakiorodhesha nyimbo zaidi ya elfu moja. Walioshtakiwa wakajibu kwamba mdundo hauwezi kumilikiwa na mtu mmoja. Mwezi Mei 2024 jaji alikataa kuitupilia mbali kesi hiyo. Swali, kwa maneno mengine, linastahili kusikizwa.

Kwa ngoma za jadi, Kenya ilipitisha sheria nyingine mwaka 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni. Hiyo inaipa jamii, si mtu mmoja, haki juu ya ngoma na nyimbo zake. Anayetaka kuzitumia kwa biashara anatakiwa kupata idhini na kugawana faida, na serikali za kaunti zina jukumu la kuweka daftari la mali hizo. Sheria ni nzuri. Lakini daftari bila kitu kilichoandikwa ndani yake ni karatasi tupu, na wazee wanaojua tofauti ya gonda na mwanzele hawangoji karani aje.

Vijana na wazazi wafanye nini?

Siku hizi kijana wa Kilifi hahitaji studio ya Nairobi. Kompyuta moja na kipaza sauti katika chumba cha Maweni au Mtwapa vinatosha. Huchukua mdundo kutoka kwenye intaneti, akauvisha sauti jioni, na kesho yake wimbo uko kwenye simu za marafiki. Ni fursa ambayo kina Teddy hawakuwa nayo. Lakini ina mitego yake.

Kwanza, mdundo unaopatikana bure si lazima uwe huru kuuzwa. Mwenyewe huenda ameuachia kwa mazoezi tu, akingoja wimbo uvume ndipo adai chake. Soma masharti, au tengeneza wako.

Pili, mkiwa wawili au watatu studioni, andikeni siku hiyo hiyo nani ametengeneza muziki, nani ametunga maneno, na kila mmoja ana sehemu gani. Urafiki hauvunjiki kwa kuandikiana. Huvunjika pesa zikifika kabla ya maandishi.

Tatu, sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Haki yako huanza pale unaporekodi, lakini cheti ni ushahidi siku ya ugomvi.

Nne, ukichukua kayamba ya Giriama au fumbo la chakacha, taja ulikolitoa. Mwalike studioni mzee aliyekufundisha, umrekodi, uandike jina lake kwenye kazi, na mapato yakija umfikirie. Bango, muziki ambao Mzee Joseph Ngala wa Freretown ameutolea maisha yake, unaonyesha kwamba mdundo wa nyumbani unaweza kuvaa saksafoni na bado ukatambuliwa na bibi yake.

Na kwa wazazi: mtoto anayegongagonga meza akitafuta mdundo si lazima awe amepotoka. Muulize anatunga nini. Kama wewe mwenyewe ulilala ukisikia kifudu ikipigwa usiku kucha katika matanga ya kijijini, mweleze ilivyokuwa, na kama sauti ingali nzuri, mwimbie. Hapo utakuwa umempa ridimu ambayo haipo kwenye intaneti.

Kuhusu ule ubishi wa garini, mwanafunzi alikuwa na haki: kuvisha mdundo mmoja sauti mia si wizi. Ni sanaa ya zamani, na Pwani inaijua. Lakini mzee naye alikuwa na haki yake. Wizi huanza pale jina la aliyetangulia linapofutwa na mkono wake ukaachwa mtupu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakuwa wakizungumzia uchezaji peke yake; walikuwa wakiwakumbusha watazamaji wajibu wao.